Mito ya viti vya tela la kulala: anza kupima kitanda

Tela la kulala ni chumba kidogo chenye kazi mbili. Mchana mnakaa mezani kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Usiku meza inashushwa, mito inapangwa juu yake, na hapohapo pamekuwa kitanda. Fundi makochi akiletewa kazi hii bila maelezo hupima benchi, akashona mto mzuri wa kukalia, akaongeza mto mwembamba wa kuegemea. Kwa kukaa, hakuna wa kulalamika. Usiku ndipo mwenye tela anapogundua kwamba kitanda chake kina bonde katikati na nyufa tatu za kuingiza baridi.

Kwa hiyo tunaanzia kitandani. Vipimo ninavyotumia ni vya tela la watu wawili wenye urefu wa kawaida, lile ambalo mtu wa Arusha analifunga nyuma ya Land Cruiser na kupanda nalo ukingo wa Ngorongoro kabla ya kuteremkia Serengeti. Safari hiyo moja ina maadui wote wa mto wa kiti: vumbi jembamba la mchana, baridi ya usiku kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, na unyevu wa pumzi za watu waliofunga madirisha. Badilisha namba zifuate tela lako, ila mpangilio usiuguse.

Kupima

Shusha meza mpaka ikae sawa kabisa na mbao za mabenchi. Ikiwa juu au chini hata kwa sentimita moja, rekebisha kwanza vibao vinavyoibeba, kwa sababu hakuna sponji litakaloficha kosa hilo saa nane za usiku. Kisha pima eneo zima kama kitanda kimoja. Kwenye mfano wetu ni sentimita 192 kwa 111: benchi la kushoto lina kina cha 60.5, nafasi ya meza 71, benchi la kulia 60.5.

Mito itakuwa minne. Miwili ya kukalia, na miwili ya kuegemea ambayo usiku inalala juu ya meza ubavu kwa ubavu. Hapa ndipo siri ilipo: urefu wa mto wa mgongo hauamuliwi na mgongo wako, unaamuliwa na meza. Nusu ya 71 ni 35.5. Ukipenda mgongo mrefu zaidi wa kuegemea, panua nafasi ya meza, usiongeze mto. Na unene uwe mmoja kwa mito yote minne, inchi 4, yaani sentimita 10. Sanduku la benchi likiwa na urefu wa sentimita 35 hivi, mto huo unakupa kiti cha kawaida cha kulia chakula.

Kitambaa na mshono hula nafasi, na mto uliojazwa vizuri hufura kidogo ubavuni. Toa nusu sentimita kwenye kina cha kila mto na sentimita moja kwenye upana. Tunabaki na mito miwili ya 110 kwa 60 na miwili ya 110 kwa 35. Jumlisha: 60, 35, 35 na 60 ni 190 ndani ya nafasi ya 192. Itabanana kiasi cha kutoteleza, na bado mtu mmoja ataweza kuipanga bila kupigana nayo.

Pima pia pembe za tela. Matela mengi ya kuchomelea mtaani hayana pembe mraba kamili. Chukua boksi la friji au magazeti yaliyogundishwa, kata kiolezo cha kila mto, kiweke mahali pake, na uandike juu yake: kushoto, kulia, mbele, nyuma. Kiolezo hicho ndicho utakachokatia sponji na kitambaa.

Sponji: nenda na mizani

Sponji la mito tutalikata kwenye godoro, na dukani utaambiwa godoro hili ni gumu, lile ni laini. Ugumu si uzito. Sponji linaweza kuwa gumu leo na baada ya miezi michache likabonyea kama mkate, kwa sababu ndani lina hewa nyingi kuliko mali. Kinachodumu ni msongamano, kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo. Kwa mto wa kukalia ulioko juu ya ubao mtupu, usishuke chini ya kilo 30.

Lebo zinaweza kusema chochote. Mizani ni ngumu zaidi kuishawishi. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 4 lina ujazo wa mita 0.28 hivi. Likiwa na msongamano wa 30, litakuwa na kilo 8 na nusu. Likiwa na kilo 5 na ushee, unauziwa la 18 au 20, na hilo mwachie mwenye duka. Godoro likiwa limevishwa kava, kumbuka kava nalo lina uzito wake.

Nimetaja 5 kwa 6 kwa sababu ndilo linalotosha. Sponji tunalikata likiwa kubwa kuliko kava kwa sentimita moja kila upande wa kipimo, ili kava likae limevutika bila mikunjo. Vipande basi ni viwili vya 111 kwa 61 na viwili vya 111 kwa 36. Laza godoro, upande wa futi 6 ukienda kushoto kulia. Mito ya kukalia ipange mmoja juu ya mwingine upande wa kushoto: inachukua 111 kwa 122. Ile ya mgongo isimamishe kulia, 36 na 36, jumla 72. Mia na kumi na moja ukiongeza 72 ni 183, na futi 6 ni 183. Hakuna cha kupoteza hata kidogo, kwa hiyo pima godoro kabla ya kulipa. Lililopunjwa sentimita moja si adimu. Likipungua, kata ukanda kwenye mabaki ya juu na uunge kwa gundi kwenye mto wa mgongo, upande wa chini, ambako hakuna atakayehisi. Godoro la 4 kwa 6 kwa hesabu lina 122 zilezile za mito ya kukalia, ila halibakizi ukanda wa kurekebishia kosa, kwa hiyo liache, hata muuzaji akikuapia.

Kukata: chora kwa kalamu ya wino pande zote mbili za sponji, si juu tu. Tumia kisu kirefu chembamba chenye makali mapya, au kile cha mkate chenye meno. Kishike wima kabisa na upitishe mara nyingi kwa mkono mwepesi. Anayelazimisha kisu kipite mara moja hupata ukuta ulioinama, na mto ulioinama hautafunga ufa wa kitanda. Sehemu za kuunga, paka gundi ya fundi makochi kwa utando mwembamba pande zote mbili, subiri mpaka inashika kidole bila kuchafua, ndipo ubandike. Gundi ikirundikana hukauka ikawa kipande kigumu, na nyonga italijua hilo kabla yako.

Jambo la moto lisemwe hapahapa. Sponji la polyurethane likishika moto huwaka haraka na moshi wake ni sumu. Uingereza ilitunga kanuni za usalama wa fenicha dhidi ya moto mwaka 1988, na karavani mpya zimo ndani yake. Huku kwetu kila mtu ni mkaguzi wa tela lake: jiko la gesi lipikiwe nje, au liwe mbali na mito, na mishumaa ibaki nyumbani.

Kitambaa: uso wa mchana na uso wa usiku

Fundi mwenye roli la ngozi bandia dukani atakushauri ngozi bandia. Inafutika, ni kweli. Lakini mchana wa joto inanata mapajani, na usiku haipitishi hewa, jasho linabaki juu yake. Kwa tela mimi huchagua turubai la pamba au la pamba iliyochanganywa na polista, lile linalovishwa viti vya magari ya watalii. Rangi iwe ya udongo, kijani cha jani kavu, au kijivu. Nyeupe ni ya picha.

Mto huu una nyuso mbili, basi zitumie zote. Uso wa juu uwe turubai, ndio wa mchana: viatu, chai, watoto, mbwa. Uso wa chini uwe marekani nzito, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ndio wa usiku. Mkitaka kulala mnageuza mito, na shuka linakutana na upande ambao haujakaliwa na mtu mwenye vumbi la siku nzima. Faida ya pili ni kamba ya ukingoni, ile mafundi wanayoiita paipingi. Inapendeza na inalinda ukingo usichakae, ila ukiilalia inakuchora mbavu. Ukiishona upande wa turubai peke yake, mchana unapata urembo na usiku unalala pasipo mistari.

Turubai na marekani vyote vifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Pamba hurudi. Kava lililokatwa bila kufuliwa litakukaa vizuri mpaka siku ya kwanza ya kufua, na kuanzia hapo halitaingia tena kwenye sponji.

Mahitaji ya mito yote minne, kwa turubai la upana wa sentimita 140: mita 4, na nusu mita ya tahadhari. Marekani yenye upana usiopungua sentimita 120, mita 2 na nusu. Zipu ya kukata kwa mita, namba 5, mita 5 na nusu na vichwa vinne. Kamba ya paipingi mita 13. Uzi wa polista mnene, si wa pamba, maana wa pamba huoza kwa unyevu na jua. Pamba ya polista nyembamba ya kuvishia sponji ukipenda mto wenye mviringo, si lazima.

Kukata kitambaa

Nafasi ya mshono ni sentimita 1.5 kila upande. Ongeza kwenye kipimo cha kava, usiongeze kwenye kipimo cha sponji. Wanaochanganya hivyo viwili hupata kava linaloning'inia.

Kwa kila mto wa kukalia kata uso wa turubai 113 kwa 63 na uso wa marekani 113 kwa 63. Kwa kila mto wa mgongo, 113 kwa 38. Urefu wa 113 ulale kukatiza upana wa roli.

Ubavu wa mto una sehemu mbili. Ya nyuma ndiyo yenye zipu, na inazunguka pembe mbili za nyuma kwa sentimita 8 kila upande. Bila hizo nane, sponji halitaingia hata ukilikunja. Kata vipande viwili vya 129 kwa 8 kwa kila mto. Ya mbele ina upana wa 13: kwa mto wa kukalia kata kimoja cha 113 na viwili vya 55, viungwe kwenye pembe za mbele ambako mshono haujionyeshi. Kwa mto wa mgongo kata kimoja cha 167, na hiki utakipata kwenye ukanda wa pembeni uliobaki ulipokuwa unakata nyuso. Kitambaa cha mistari au maua kitageuka hapo, ndiyo maana napendekeza kisicho na picha.

Paipingi hukatwa mshazari, upana wa sentimita 4, na vipande huungwa mpaka vifike mita 13. Kitambaa kilichokatwa mshazari hukubali kupinda kwenye pembe. Kilichokatwa wima hukunjamana.

Pembe za nyuso zote zizungushe kidogo kwa kuchora kwa kifuniko cha chupa ya soda. Pembe iliyoachwa kali huota sikio.

Cherehani

Ile nyeusi ya kukanyaga kwa mguu inatosha, na kwa turubai mara nyingi inazishinda za plastiki za umeme. Weka sindano namba 16, au 18 pale penye tabaka nne. Ongeza urefu wa mshono hadi milimita 3.5 au 4. Mshono mfupi kwenye kitambaa kizito hutoboa mstari wa matundu, na kitambaa huchanikia hapo kama stempu. Jaribu kwenye mabaki, tabaka nne pamoja, mpaka uzi wa juu na wa chini ukutane katikati ya kitambaa. Kwa zipu na paipingi funga mguu wa zipu, ule wa upande mmoja.

Anza na zipu. Chukua vipande viwili vya 129 kwa 8, kunja ukingo mrefu wa kila kimoja kwa sentimita 1.5, piga pasi. Laza mikunjo hiyo juu ya zipu ikutane katikati na kuyaficha meno, piga bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, kisha shona kila upande. Utapata mkanda wa upana wa 13, sawa na ule wa mbele. Vika kichwa cha zipu sasa, na uzifunge ncha zote mbili kwa mshono wa kwenda na kurudi. Kichwa kikichomoka baada ya kava kufungwa, utafumua.

Fuata paipingi. Kunja ukanda wa mshazari juu ya kamba, shona karibu na kamba lakini usiibane sana. Kisha ishone kuzunguka uso wa turubai, ukianzia katikati ya upande wa nyuma, kingo zote zikielekea nje. Ukifika kwenye pembe, kata ukingo wa paipingi kwa ncha ya mkasi mara tatu ili ufunguke. Mwishoni fumua sentimita 3 za ukanda, kata kamba ikutane ncha kwa ncha, na ufunike kwa kitambaa kilichokunjwa.

Kuunganisha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kosa lenyewe ni mto uliopinda: pembe ya juu iko hapa, ya chini imekimbia sentimita mbili, na kava zima linaonekana kama limenyongwa.

Unganisha mkanda wa mbele na wa zipu upande mmoja tu; upande wa pili uache wazi. Tafuta katikati ya ubavu wa mbele na katikati ya uso wa turubai, zipachike pini pamoja, uzuri ukitazama uzuri. Shona kutoka katikati kwenda pembe moja, rudi katikati, nenda nyingine. Kwenye pembe kata ukingo wa mkanda vikato vitatu vyenye kina cha sentimita moja, punguza mwendo, geuza gurudumu kwa mkono. Endelea mpaka karibu na mahali ulipoacha wazi. Sasa pima ubavu uliobaki, kata ziada, funga kiungo hicho, malizia mzunguko. Kuzungusha pembe kumekula urefu kidogo kwenye kila pembe, na ndiyo sababu kiungo cha mwisho hakifungwi mapema.

Kabla ya kuugusa uso wa marekani, laza mkanda mezani. Kwenye kila pembe uliyoshona, weka rula wima kutoka ukingo wa juu hadi wa chini na utie alama kwa chaki. Alama nne. Pachika pembe nne za marekani kwenye alama hizo kwanza, ndipo upachike katikati. Ukiona kitambaa kimoja kimezidi, kigawe kwenye pini, usikisukume kote mpaka mwisho. Fungua zipu nusu kabla ya kushona upande wa mwisho, la sivyo utakuwa umejifungia nje. Pita mara ya pili juu ya mshono kwenye pembe zote, geuza kava, sukuma pembe kwa kidole.

Kuingiza sponji ni kazi ya watu wawili au ya mtu mmoja na mfuko mwembamba wa plastiki. Vika sponji mfuko, likunje kama chapati, liingize mpaka pembe za mbele zijae, kisha vuta mfuko utoke. Mto wa mgongo zipu yake ikae chini.

Ubao chini ya mto

Mtu aliyelala hutoa joto na mvuke, ubao chini ni wa baridi, na maji hukusanyika katikati yao. Kwenye kambi za ukingoni mwa Ngorongoro asubuhi moja inatosha kukuonyesha: inua mto, pitisha kiganja, utakuta umande. Ukiuacha hivyo safari nzima, marekani huota madoa meusi ya kuvu ambayo hayatoki.

Toboa basi mbao za mabenchi na meza. Plaiwudi ya milimita 12, matundu ya milimita 25, kila baada ya sentimita 15, na kingo za matundu zisuguliwe kwa msasa. Mezani, kama hutaki matundu ya kudondoshea wali, weka chini ya mito wavu mnene wa plastiki unaoacha hewa ipite. Kila asubuhi simamisha mito kwa ubavu wakati mnakunywa chai.

Kuzuia mito isiteleze barabarani tumia mpira wa matundu, ule unaotandikwa chini ya mazulia, ukatwe kwa kipimo cha benchi. Velkro wengi huipenda, ila kwenye mto wa nyuso mbili itakukwaruza usiku na kunasa blanketi. Kwenye safari ndefu ya vumbi ipange mito kitandani, turubai juu, uifunike shuka kuukuu. Vumbi la Serengeti hupenya mlango uliofungwa. Kufua, toa makava, kung'uta kwanza nje, maji ya baridi, yaanike kivulini na uyavishe yakiwa na unyevu kidogo sana ili yajinyooshe juu ya sponji. Mabaki ya turubai, mita moja ya uzi na sindano ya kupinda vikae kwenye sanduku la benchi pamoja na vifaa vya pancha na jeki.